Zamu Moja ya Wendell Kolarik

Bweni la Kaskazini, Chuo Kikuu
Jumapili, 18 Septemba 1983

Baba,

Mimi mzima, ila kuanzia shingoni kwenda chini ni michubuko mitupu. Ulisema nisijisifu kwenye barua, basi ngoja nikueleze kazi yangu uone kama kuna cha kujisifia.

Sisi tuliojileta wenyewe kwenye timu hii ya mpira wa Kimarekani, wa kubeba na kuangushana, ambao chuo hakikutuita wala hakitulipii, tunaigiza. Kila Jumatatu Kocha Dunlap, kocha wetu wa walinzi, anatugawia wachezaji wa timu itakayokuja Jumamosi. Tunavaa namba zao, tunacheza kama wao, na wakubwa wanaocheza mechi wanajifunzia kwetu namna ya kuwagonga. Wiki hii mimi ni mlinzi wa kati wa timu moja ya kusini, jamaa ana shingo kama fahali. Nilikaa kuangalia filamu zake mpaka nikagundua huwa anaegemea mguu wa kushoto kabla hajachomoka. Nikaegemea hivyo hivyo. Wakubwa wakashindwa kunizuia, na mmoja wao akaniuliza nani amenituma kujitia kimbelembele. Nikamwambia amtukane Kocha, si mimi. Jioni wao wanakula nyama ya ng'ombe kwenye meza yao, sisi tunarudi bwenini kula makaroni.

Kwenye mtihani wa kemia nimekuwa wa kwanza. Profesa alidhani nimekosea darasa, kwa jinsi jicho lilivyokuwa limevimba.

Sasa la maana. Kocha Dunlap aliniita akasema mwaka huu ananitunza. Sheria inampa mchezaji misimu minne ndani ya miaka mitano. Msimu ambao hukuingia uwanjani kabisa hauhesabiwi, unausogeza mbele. Ukiingia hata mara moja, hata kwa zamu moja tu, mpira uanzishwe mara moja na mtu aangushwe, msimu huo umehesabiwa. Kwa hiyo nitavaa jezi mechi za nyumbani na kusimama pembeni, basi. Kwa mtu wa kujileta mwaka wa tano ndio mwaka wenyewe, mwili umeshajaa na wamekuzoea. Na mwaka huo, wakinipa ufadhili, naanza shahada ya pili ya sayansi ya udongo kwa fedha yao. Nimeshalifikiria sana jambo hili na linanifurahisha kuliko ninavyoweza kukwambia.

Waeleze wenzako wa ghala la nafaka taratibu, najua ulishawaambia nitacheza Oktoba.

Mwanao,
Wendell

*

Orrin Creek
2 Oktoba 1983

Mwanangu Wendell,

Barua imefika. Nguruwe wazima. Mahindi yamekauka, wiki ijayo tunaingia shamba la kaskazini ikiwa mvua itatuacha.

Ghalani wanakuulizia. Ladislav Pokorny anasema kwenye redio hajasikia jina lako hata pale wanapotaja majeruhi. Walicheka sana. Na mimi nilicheka.

Kuna jambo. Padri amekodi basi la shule, na karibu mji mzima unakuja kwenye mechi yenu ya tarehe 29. Mke wa Ladislav ameandika jina lako kwa rangi nyekundu kwenye shuka la kitanda cha watu wawili. Si mimi niliyewaambia waje. Labda nilisema kidogo.

Hayo ya mwaka wa tano tutazungumza ukija. Kila mtu ninayemjua aliyesoma chuo, miaka minne ilimtosha.

Baba yako,
Emil Kolarik

*

Orrin Creek
12 Oktoba 1983

Kwa Kocha Dunlap,

Labda unanikumbuka. Ulipokuja kuzungumza kwenye chakula cha jioni cha parokia yetu ulikaa meza yangu, na ukarudia bata mara mbili. Ulisema vijana wa huku hawajui kulia.

Mimi si mtu wa kuomba. Tarehe 29 watu wa mji wangu wanakuja kwa basi kumwona Wendell. Wengine hawajawahi kuvuka mpaka wa wilaya. Timu mtakayocheza nayo siku hiyo ni dhaifu, hata magazeti yanasema. Mkishakuwa mbele sana, naomba umwingize zamu moja tu. Zamu moja, kisha umtoe.

Mama yake hayupo tena, ni mimi tu ninayekaa na watu hawa kila siku. Nitakushukuru maisha yangu yote.

Emil Kolarik

*

Ofisi ya Makocha
17 Oktoba 1983

Bwana Kolarik,

Nakukumbuka, na bata namkumbuka zaidi.

Nitakuwa muwazi kwako. Nimepanga kumtunza Wendell msimu huu. Akiingia hata kwa zamu moja, mwaka huu unahesabiwa, na ule wa tano hatauona. Kijana wako si mwepesi kuliko wengine, wala si mkubwa. Ana kichwa. Anausoma mchezo kabla haujaanza, na watu wa aina hiyo huchelewa kuiva. Mimi nisingelifanya hilo unaloomba.

Lakini mwaka ni wake na wa familia yake, si wangu. Wapo wazazi wanaotaka mtoto amalize kwa miaka minne arudi nyumbani, na siwalaumu. Kaa naye mzungumze. Mkikubaliana, niandikie, na sitakuwa na swali la pili. Mzazi wa huku kwetu akinipa neno lake, linanitosha.

R. Dunlap

*

Orrin Creek
20 Oktoba 1983

Kocha Dunlap,

Nimezungumza naye. Amekubali. Ameomba msilitaje mbele yake, ana haya.

Emil Kolarik

*

Bweni la Kaskazini
31 Oktoba 1983

Dada Rosalie,

Nilikuona kwenye jukwaa, karibu na lile shuka. Hilo shuka, Mungu wangu. Jamaa wa kabati la pembeni yangu aliniuliza kama ninagombea umeya.

Nakuandikia wewe kwa sababu kwa Baba siwezi. Ulimwona alivyofurahi. Alinishika mabega pale nje ya lango, mbele ya watu wote wa basi. Baba, Rosalie. Nikajikuta ninatabasamu kama mjinga mpaka basi likaondoka.

Tulikuwa mbele kwa pointi arobaini na tisa, na nilikuwa nimeshavaa koti nikisubiri kwenda kuoga. Kocha Dunlap akaja akasema, "Kolarik, ingia." Nilidhani ananichanganya na mtu. Nikamwambia, "Kocha, mimi ni wa kutunzwa." Akanitazama vibaya kidogo, kama mtu anayeona unamwigizia, akasema, "Nimesema ingia. Zamu moja." Kocha anapokwambia ingia, huulizi. Nikaingia.

Na nilicheza vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Nilimwona mkimbiaji wao wa kubeba mpira ameshakaza macho upande atakaokwenda, nikawahi, nikamwangusha kabla hajapiga hatua ya pili. Safi kabisa. Kisha nikatolewa. Redioni wakasema jina langu na jina la mji wetu. Mwaka wangu ulikwenda hapo, na watu wakapiga makofi.

Nimelipindua jambo hili kichwani kila namna na jibu ni lile lile. Mchezaji wanayemtegemea hawampotezei mwaka kwa zamu moja ya mechi iliyokwisha. Anayepotezewa ni yule ambaye wameamua kwamba hatafika popote. Walinionea huruma wakanipa pipi mbele ya watu wa kwetu. Leo mazoezini sikuweza kumtazama Kocha usoni. Kila mtu pale anajua maana yake. Wenzangu wa kujileta wamekuwa wapole kwangu, na upole wao unanifanya nitamani kuingia chini ya sakafu.

Kemia bado ninaongoza. Nadhani baada ya msimu nitarudisha jezi nibaki na vitabu. Usimwambie Baba. Mwache aifaidi Jumamosi yake.

Mdogo wako,
Wendell

*

Kearsley
6 Novemba 1983

Baba,

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu nina hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu hausomeki.

Pale jukwaani, kabla hajaitwa, ulimwambia mke wa Ladislav atoe kamera mfukoni. Wendell alikuwa bado amekaa kwenye benchi na koti lake. Nilishangaa, nikasahau. Jumatano nimepata barua yake nikakumbuka.

Ulijuaje, Baba?

Wendell anaamini makocha wamemtupa. Anaona aibu mpaka anataka kuacha timu. Mimi ninaamini umeongea na mtu. Kama nimekukosea nitapiga magoti jikoni nikuombe radhi. Kama sijakukosea, mwambie. Si mimi wa kumwambia. Nikimwambia mimi atajua pia kwamba wewe hukuthubutu.

Nakupa mpaka Krismasi.

Rosalie

*

Orrin Creek
20 Novemba 1983

Mwanangu Wendell,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kalamu si kitu changu, unajua.

Rosalie anasema unafikiria kuacha mpira. Usiache. Nakuomba. Kocha yule anakuthamini, mimi najua. Usiniulize nimejuaje, najua tu. Alimwambia mtu kwamba una kichwa, na kwamba unausoma mchezo kabla haujaanza.

Yaliyotokea tarehe 29 si kosa lako. Huenda si la Kocha pia. Mambo mengine hutokea kwa sababu ya watu ambao hawafikiri.

Tutazungumza vizuri Krismasi. Mbwa ameumia mguu lakini anapona. Tumemaliza shamba la kaskazini.

Baba yako,
Emil Kolarik

*

Bweni la Kaskazini
25 Agosti 1985

Baba,

Kaa chini kwanza.

Jana usiku tulikuwa kwenye mkutano wa timu, watu zaidi ya mia, tumechoka na tunanuka. Kocha mkuu alikuwa anatusomea kanuni za usafi wa vyumba. Akafika kanuni ya nne, hakuna kuacha mabaki ya chakula chini ya kitanda, na kwa sauti ile ile akasoma ya tano, "Wendell Kolarik kuanzia leo analipiwa na chuo." Akaendelea na ya sita. Sikuelewa mpaka wenzangu waliponirukia. Tulianguka na viti. Waliojileta ndio waliopiga kelele kuliko wote, na wengine walilia, Baba, majitu yenye mikono kama magogo.

Kwa hiyo sasa ninakula nyama kwenye meza yao. Na Jumamosi ya pili ya Septemba naanza, namba 47, mlinzi wa kati. Chuoni nimepata alama ya juu kwenye kila somo kwa mwaka wa pili mfululizo. Profesa wa udongo anasema kama ningekuwa na mwaka mmoja zaidi hapa angenipa utafiti wa mashamba yote ya mto. Nikamwambia mwaka huo nilikuwa nao, nikaupoteza kwa zamu moja. Akadhani natania.

Nimepunguza kuliwaza hilo. Walinitupa, nikarudi kupitia dirishani. Ila nataka ujue kwamba Novemba ile nilishakunja jezi niirudishe. Ni barua yako iliyonizuia. Sijawahi kukushukuru. Kila mtu mwingine alikuwa ananionea huruma, na wewe ukaniambia kocha ananithamini, bila ushahidi wowote, kwa imani tu ya mzazi. Nimeishi kwa barua ile miaka miwili.

Mwanao,
Wendell

*

Orrin Creek
1 Septemba 1985

Mwanangu Wendell,

Hongera. Ghalani wamenunuliana bia kwa ajili yako.

Usinishukuru kwa barua ile. Nakuomba usiitaje tena.

Bei ya nguruwe imeshuka.

Baba yako,
Emil Kolarik

*

Chuo Kikuu
9 Novemba 1986

Baba,

Jumamosi ya tarehe 22 ni mechi yangu ya mwisho. Tunaomaliza tunaitwa mmoja mmoja kabla ya mchezo, na kila mtu anatembea hadi katikati ya uwanja na wazazi wake. Nimeteuliwa nahodha wa siku hiyo. Pia wanatoa tuzo ya mchezaji aliyefanya vizuri zaidi darasani, na ni mimi.

Nimemwomba Rosalie atembee nami. Sikukuomba wewe, na sasa nitakwambia kwa nini.

Agosti nilikuwa ofisini kwa Kocha Dunlap tukipanga msimu. Akasema, kwa wema kabisa, "Laiti wewe na baba yako msingeamua vile mwaka ule, ningekuwa nawe mwakani." Nikamuuliza kuamua nini. Mtu mzima yule akawa mwekundu mpaka masikioni, akafungua kabati akanipa barua zako mbili. Aliniomba radhi, Baba. Yeye. Alisema ningekuja kumuuliza mwenyewe siku ile angejua, na kwamba nilipomwambia mimi ni wa kutunzwa alidhani ni haya tu, kama ulivyomwandikia.

Nimekaa na jambo hili msimu mzima. Nimecheza nikiwa na hasira na magazeti yamesifu. Barua za kukutukana nimeandika, nikazichana.

Rosalie naye alijua, au alihisi. Nilimpigia simu nikamfokea, akalia, akasema alikuogopea wewe kuliko alivyonihurumia mimi, na kwamba hilo linamtia aibu mpaka leo. Tumemaliza. Yeye amenitamkia kosa lake.

Nataka unielewe. Mwaka wenyewe nimeshauzika. Januari nakwenda jimbo la jirani, wamenipa nafasi ya kusomea udongo huko, nitafundisha ili nijilipie. Nitafika tu, kwa njia ndefu. Ungeniomba mwaka ule, Baba, ungesema watu wanakuja na umeshaahidi na unaona haya, pengine ningekupa. Haki ya Mungu, pengine ningekupa.

Kinachonishinda ni Krismasi. Krismasi tatu nimekaa mezani kwako nikisema walinitupa. Ya kwanza niliisema nikilia, una habari? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikakwambia, "Baba, wameniona mimi si kitu." Na wewe ukasogeza bakuli la viazi ukasema, "Ongeza, vitapoa." Ulikaa pale ukanitazama nikijidharau kwa kosa lako, mwaka baada ya mwaka, ukaniongezea viazi.

Na barua ile niliyoishi nayo, kumbe uliiba maneno ya Kocha ukanipa nusu.

Sioni haya kwa ajili yako mbele ya watu, hawajui na sitawaambia. Ninaona haya mimi kwa mimi, kwa jinsi nilivyokushukuru.

Wendell

*

Orrin Creek
14 Novemba 1986

Mwanangu Wendell,

Umefanya sawa kumwomba Rosalie. Avae koti la mama yenu, lile la bluu, liko kabatini kwake.

Yote uliyoandika ni kweli. Ya viazi nayo ni kweli. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme, na kilichotoka ni viazi. Sina utetezi. Kila mwaka ilikuwa ngumu zaidi ya mwaka uliopita, mpaka uliponishukuru, na baada ya hapo nikajua sitasema kamwe. Nilikwenda banda la nguruwe na barua yako ya shukrani, nikakaa huko mpaka giza likaingia, nikarudi nikakuandikia bei ya nguruwe.

Ulisema ungenipa kama ningeomba. Hilo nimelisoma mara nyingi kuliko mengine yote. Sikuomba kwa sababu nilijua ungekubali kwa ajili yangu, na ningelazimika kuwa mtu aliyechukua. Nikaona bora niwe mtu ambaye hajulikani kuwa alichukua.

Kuna jambo moja ambalo Kocha hajui, wala Rosalie, na kwenye barua zile halimo. Sitaki ulikute siku nyingine kwa mtu mwingine.

Zamu ile sikuiona.

Ulipoitwa nilisimama kama wote. Nilikuona unavua koti. Kisha nikageuka kumtazama Ladislav, nione kama ameona. Nikamtazama mke wake, na Padri, na wale wa viti vya nyuma yetu. Niliwaona wote wakifungua midomo kwa pamoja. Nikajua umefanya kitu kizuri, kwa nyuso zao. Nilipogeukia uwanja ulikuwa unatoka mbio, umeinamisha kichwa. Huko njiani kwenye basi kila mtu alikuwa anaisimulia, na mimi nikaisimulia pamoja nao, kwa maneno yao. Nimeisimulia ghalani miaka mitatu. Mwaka wako niliuchukua kwa ajili ya kitu hicho, na sikukitazama.

Hakuna siku ninayolala bila kukumbuka hilo. Sikuandiki ili unihurumie. Nimeandika kwa sababu umesema Rosalie alikutamkia na mimi sijakutamkia. Nilikudanganya, nikakuibia mwaka, nikakuacha uamini u mtu duni. Naona aibu, Wendell.

Tarehe 22 sitakuja na basi. Nimewaambia Padri na Ladislav kwamba nina shughuli, wakashangaa. Nitakuja na gari, nitanunua tiketi ya juu kabisa, upande wa mashariki, ambako simjui mtu. Mtakapotembea wewe na dada yako huna haja ya kunitafuta, hutaniona. Mechi ikiisha nitarudi nyumbani kulisha nguruwe, na kama utataka kuongea nami, iwe siku yoyote utakayochagua wewe, au isiwe.

Nitakuwa nimekaa peke yangu. Hakutakuwa na uso wa mtu wa kuutazama, isipokuwa wako.

Baba